Siku Nne za Chipsi

Paskazia, mwenyekiti wa jumuiya ya Mtakatifu Monika pale Masumbwe, hakuwahi kuandika igizo hata moja maishani mwake, na bado kila mwaka, kwenye mashindano ya jumuiya za parokia, igizo lake lilisubiriwa kuliko mahubiri, ingawa hilo hakuna aliyethubutu kumwambia paroko. Ufundi wake ulikuwa mmoja tu. Alitafuta mtu mwenye kasoro inayojulikana na mtaa mzima, akampandisha jukwaani, akamwambia awe vilevile alivyo. Mlevi alicheza mlevi. Bahili alicheza bahili, na mwaka juzi aligombana na wenzake jukwaani kweli kweli kwa sababu ya kiberiti chake. "Mtu akiigiza alivyo," Paskazia alikuwa akisema, "hana haja ya mazoezi, na mimi sina haja ya kupasua koo."

Ndiyo maana Festo aliposhuka kwenye basi Jumatatu ile, begi mgongoni na roho mkononi, Paskazia alimdaka hata kabla hajafika kwa wakwe zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Ansgar! Mungu mwenyewe amekuleta. Igizo la mwaka huu linahusu mwanamume asiyejua kupika. Mke wake amesafiri, wakwe wanamtembelea, na yeye hajui hata unga unaingia lini. Nimekosa mtu. Sasa nimepata."

Festo akashusha begi. "Kwa nini mimi?"

"Nani mwingine? Mkeo ametuambia tangu mwaka jana kwamba hata chai huwezi kuchemsha. Mazoezi kesho saa kumi."

Akaenda zake. Festo akabaki barabarani, akijikuna kichwa. Maana ukweli ni kwamba alikuwa mpishi. Si mpishi wa kubahatisha, wa mayai na chai ya rangi. Alikuwa mpishi wa kambi ya wafanyakazi wa mgodi huko Bugarama, mwaka wa sita sasa, aliyesonga ugali wa watu mia nne kwa mwiko mrefu kama kasia, na ambaye chapati zake ziliwafanya watu wazima wapange foleni mara mbili. Ila Masumbwe hakuna aliyelijua hilo. Masumbwe alikuwa dereva wa lile gari kubwa la kubebea mawe.

Uongo wenyewe hakuutunga yeye. Siku ya posa, miaka minne iliyopita, alikaa kimya kwenye kigoda kama kijana wa heshima anavyotakiwa, maana mwoaji haongei, anaongea mshenga. Mzee Thobias, baba wa binti, akauliza kijana anafanya kazi gani. Mshenga akasema yuko mgodini. Kazi gani huko mgodini? Mshenga yule, mtu wa kuongeza chumvi hata kwenye salamu, akawatazama wazee waliokunja nyuso, akaona aibu kuwaambia kwamba mwanamume mzima anashinda jikoni. "Anaendesha lile gari kubwa," akasema. Wazee wakaguna kwa heshima. Festo alifungua mdomo. Mshenga akamkanyaga mguu, na mdomo ukafungwa miaka minne.

Mzee Thobias aliupokea uongo ule kama baraka. Kilabuni, mnadani, kwenye vikao vya ushirika, hakuna aliyepona. "Tairi moja la gari la mkwe wangu ni refu kuliko nyumba ya mwenyekiti wa kijiji," alikuwa akisema. "Akikanyaga breki Bugarama, vikombe vinatikisika Kahama."

Na uongo ukishaingia nyumbani unataka kulishwa kila siku. Festo akawa anatoka alfajiri na helmeti na mabuti, anabadilisha kambini, anavaa aproni nyeupe. Akirudi jioni ananuka vitunguu, anamwambia mkewe Goodness kwamba kantini yao inakaanga mno. Nyumbani hakugusa sufuria. Aliogopa kwamba akisonga ugali mmoja mzuri ataulizwa amejifunza wapi, na swali moja litazaa la pili. Kwa hiyo akajifanya hajui lolote, na Goodness akamwamini, tena akawa anamtania mbele za watu kwa mapenzi tu, kama wanawake wanavyowatania waume zao.

Yangeendelea hivyo mpaka uzeeni, kama si malaria. Mwezi wa nne mwaka huu Goodness aliugua siku nne, hajiwezi, mdomo mchungu, hataki kitu ila uji mwepesi. Na Festo, ambaye kambini ndiye aliyekuwa akipikia wagonjwa uji, alifanya nini? Alikwenda barabarani akanunua chipsi mayai. Asubuhi chipsi, mchana chipsi, jioni chipsi. Siku ya tatu, kwa huruma, akaongeza mishikaki. Kweli penye miti hapana wajenzi.

Goodness alipona kwa neema ya Mungu. Kisha, wiki mbili baadaye, Vaileth, jirani yao aliyepata kazi ya kufua kambini, akaweka video kwenye status yake ya WhatsApp. Festo huyo hapo, kofia ndefu nyeupe kichwani, anarusha chapati juu na kuidaka kwa mkono wa nyuma, watu wanampigia makofi na kuimba jina lake. Goodness aliitazama video ile mara nane. Hakupiga kelele. Akafungasha nguo, akambeba Ansgar mgongoni, akapanda basi la Masumbwe. Wazazi wake walipomwuliza kulikoni, alijibu maneno mawili: "Mwulizeni mwenyewe."

Sasa mwenyewe ndiye huyo amekuja.

Alimkuta mkewe uani anatwanga karanga. Mama mkwe wake, Febronia, alipomwona tu alijitanda khanga kichwani, akazunguka nyuma ya nyumba, maana mkwe na mama mkwe hawakutani uso kwa uso, hawali pamoja, na wakiwa na la kuambiana humtuma mtu wa tatu. Festo naye akageuka upande, akasubiri nyayo zipotee. Kisha akachuchumaa karibu na kinu.

"Mama Ansgar, nimekuja kukuchukua."

Goodness hakuacha kutwanga. "Mimi sikuondoka kwa sababu unapika. Kupika ni kazi. Ingekuwa hilo tu, ningekucheka siku mbili, yakaisha. Nimeondoka kwa sababu ya zile siku nne. Nilikuwa natetemeka pale kitandani naota uji, na mwenye uji amekaa mlangoni anafungua mfuko wa chipsi!"

"Nisamehe."

"Sitaki nisamehe ya uani." Mchi ukatulia. "Baba anakuita dereva mbele ya watu wote. Mwambie wewe, kwa kinywa chako. Mimi nimekuficha mpaka nimechoka. Na huyo Paskazia amepita hapa anafurahi, anasema Jumapili unakwenda kuharibu ugali jukwaani. Ukiuharibu huku unajua unavyosongwa, na mimi nimekaa pale natazama, basi likizo yako ikiisha panda basi peke yako."

Festo alijua mkewe hatishii. Goodness akisema neno, hulirudii kuliuliza.

Akajaribu kweli. Jumanne alimfuata Mzee Thobias zizini, akasema, "Baba, kuna jambo." Kabla hajafika mbali, jirani akapita, na mzee akamwita: "Njoo umsalimie dereva wetu!" Jumatano alimkuta anakunywa chai, akaanza tena, na mzee akamkatiza kumwuliza kama ni kweli gari lile lina ngazi ya kupandia. Festo akasema ndiyo, ipo. Hilo halikuwa uongo, aliwahi kuliona kwa mbali. Ijumaa alijipa moyo kwa mara ya tatu, akamkuta mzee yuko na wazee wenzake watano, wote wamesogeza viti ili wasikie habari za tairi. Festo akawaeleza habari za tairi. Usiku ule alijichukia, na ilikuwa haki yake.

Mazoezini mambo yalikuwa mepesi, kwa sababu walitumia sufuria tupu. Festo alichota unga wa hewa, akaumwaga ovyo, akajipangusa uso, watu wakacheka. Paskazia alimsifu. Mkwe wa kwenye igizo alikuwa Mzee Thobias mwenyewe, kwani kwa kanuni ya Paskazia hapangekuwa na mkwe bora kuliko aliye mkwe. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti, kungoja chakula na kuguna.

Jumapili, baada ya misa ya pili, watu walijaa uwanja wa kanisa mpaka wengine wakakaa juu ya ukuta. Paroko na masista wawili walikaa mbele chini ya turubai, karatasi za alama magotini, na mbuzi wa zawadi alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya kengele. Jumuiya tatu zilitangulia. Moja ilicheza mume aliyemficha mkewe kwamba amenyolewa masharubu na kinyozi mlevi, nyingine mama aliyekopa wigi la jirani kwenda nalo harusini akakutana na mwenye wigi. Watu walicheka, lakini macho yalikuwa kwa Monika.

Festo alipopanda jukwaani akapigwa na butwaa. Paskazia alikuwa ameleta jiko la mkaa linalowaka, sufuria ya maji, unga kilo mbili, na chungu cha nsansa za karanga, ile mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, kimebandikwa tayari kwenye jiko la pili.

"Mama, tulisema sufuria tupu," akamnong'oneza.

"Watu wanataka kusikia harufu ya kuungua," Paskazia akajibu, akateremka.

Igizo likaanza. Mzee Thobias akaingia, fimbo mkononi, akakaa. "Mkwe! Nimetoka mbali. Njaa inauma."

"Karibu, baba. Chakula kinakuja sasa hivi," Festo akasema, na sauti ikamtoka nyembamba. Watu wakaanza kucheka. Akachota unga akaumwaga kwenye maji ambayo hayajachemka. Kicheko kikapanda. Akakoroga kinyumenyume, akajifanya ameungua kidole, akakinyonya. Paroko aliinama akishika mbavu.

Ndani ya sufuria mabuja, yale madonge ya unga mbichi, yalikuwa yanajifunga, moja baada ya jingine, yameelea, yamevimba. Festo aliyaona. Kwa mtu ambaye hajawahi kusonga kwa heshima, buja ni buja tu. Kwa Festo lilikuwa fedheha. Upande wa pili nsansa zilikuwa zinakaribia kushika chini, na pua yake ilijua kabla ya pua ya mtu yeyote pale uwanjani kwamba zimebakiza dakika moja.

Akainua macho. Kule nyuma, karibu na lango, Goodness hakuwa anacheka. Alikuwa ameinuka. Alimpandisha Ansgar mgongoni, akavuta khanga, akafunga fundo kifuani bila haraka, kama mtu ambaye ameshaamua. Kisha akampa mumewe mgongo.

Festo aliona mgongo ule na mtoto juu yake. Hofu zote za miaka minne, mshenga, wazee, tairi, ziliyeyuka, ikabaki hofu moja tu.

Akaepua nsansa. Akamimina nusu ya ule uji mbovu kwenye ndoo, akaongeza maji, akayabana mabuja kwenye ukingo wa sufuria yakapasuka yote. Akauacha uji utokote. Akapunguza mkaa kwa koleo. Kisha akamwaga unga kwa mkono wa kushoto, kidogo kidogo, na mkono wa kulia ukashika mwiko. Mguu mmoja ukakanyaga koleo lililoishika sufuria isizunguke. Mwiko ukazama, ukageuza, ukakandamiza, ukageuza tena.

Kicheko kikapungua. Kikakatika. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Mayu wane, mama yangu! Tazameni mkono ule!"

"Haribu!" Paskazia akafoka kutoka pembeni. "Baba Ansgar, haribu!"

Festo hakuharibu. Akaugeuza ugali wote kwa mara moja, akaulainisha juu, akaupakua kwenye sinia ukakaa mviringo, mweupe, unafuka mvuke. Akachota nsansa, akaziweka pembeni. Akapiga magoti mbele ya kiti cha Mzee Thobias.

Mzee, ambaye bado alidhani igizo linaendelea, akauliza kwa sauti kubwa kama alivyofundishwa: "Mkwe! Haya umejifunzia wapi?"

"Kambini Bugarama, baba. Mimi ni mpishi. Sijawahi kuendesha lile gari. Sijawahi kuendesha hata bajaji!"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Watu walipigana mabega, sista mmoja akavua miwani apanguse macho. Dereva wa gari kubwa anajiita mpishi! Mzee Thobias alicheka kuliko wote, akigongesha fimbo kwenye mbao.

"Si igizo, baba," Festo akasema. Wakacheka zaidi. "Jamani, ni kweli!" Wakapiga vigelegele. Maskini ya Mungu, miaka minne alisema uongo akaaminiwa, leo anasema kweli wanataka kumtuza.

Hapo Festo akaacha kupiga kelele. Akasogea karibu mpaka paji la uso likagusa goti la mzee, akashusha sauti, akasema maneno yale yale polepole, kwa ajili ya sikio moja tu. Akaeleza posa na mshenga. Akaeleza malaria na chipsi. "Goodness alinificha, baba. Kosa ni langu."

Mwigizaji hupaza sauti, na huyu alikuwa amenong'ona. Mzee Thobias akaacha kucheka.

"Hatusikii!" watu wakapiga kelele huko nyuma. "Pazeni sauti!"

"Na lile gari?" mzee akanong'ona.

"Anaendesha mtu mwingine, baba."

"Sauti!" Paskazia akalia, karibu atoe machozi.

Mzee akautazama umati. "Umenifanya mjinga mnadani," akasema. "Kilabuni. Ushirika mzima."

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Mzee akanawa mikono kwenye bakuli, kwa sababu chakula kikishawekwa mbele ya mtu mzima hakiachwi kipoe, hata kama moyo umechafuka. Akamega tonge, akalibonyeza, akachota nsansa, akatia mdomoni. Akatafuna. Akamega la pili. Baada ya la tatu akauliza, "Hao unaowapikia wangapi?"

"Mia nne."

"Kwa siku?"

"Kwa mlo, baba. Mara tatu kwa siku."

Tonge la nne likabaki hewani. Festo aliona kitu kikipita usoni mwa mzee, kitu anachokifahamu, na akajua amepona. Mzee Thobias akasimama, akauelekea umati, akainua fimbo.

"Sikilizeni ninyi!" akanguruma. "Huyu mkwe wangu analisha watu mia nne kwa mwiko mmoja! Huyo dereva mnayemsikia hawezi hata kupanda ngazi ya gari lake kabla huyu hajampa chai! Leteni mwanamume mwingine Masumbwe nzima aliyefanya hivyo. Yuko wapi?"

Hapakuwa na mwingine. Umati ulielewa kidogo kidogo, kisha ukavuma. Wengine walicheka, wengine walitikisa vichwa, na wanaume wawili watatu walitazama chini, maana wake zao walikuwa wanawatazama. Mbuzi alikwenda jumuiya ya wigi. Paroko alieleza kwamba igizo la Monika lilikuwa tamu lakini lilipoteza kiini, na Paskazia alikubaliana naye kabisa. Hakumsalimia Festo mpaka Krismasi.

Festo mwenyewe hakungoja matokeo. Aliteremka jukwaani akaelekea langoni. Goodness alikuwa amesimama pale pale, hajatoka, hajarudi, macho mekundu. Febronia alikuwa kando yake. Alipomwona mkwe anakuja akageuka haraka akatazama ukuta, khanga mpaka puani, lakini hakuondoka.

"Nimemwambia," Festo akasema.

"Nimeona," Goodness akajibu. "Umechelewa. Mimi naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Naumwa. Nitaumwa siku nne. Sijiwezi kabisa, na chipsi sili."

Festo akafungua mdomo aseme kwamba ataanza jioni ile ile, pale kwa wakwe, uji, supu, chochote. Febronia akamtangulia, akiuambia ukuta.

"Goodness, mwambie mwenzio jikoni kwangu mkwe haingii. Hiyo haijawahi kutokea na haitaanzia kwangu. Kama ana mgonjwa wa kumpikia, ampeleke kwake." Akaishusha khanga puani. "Na umwambie zile nsansa hazikushika chini. Nimenusa."

Wakaondoka na basi la saa kumi.

Kesho yake asubuhi, Bugarama, Goodness alikuwa kitandani, mzima kama ng'ombe wa maonyesho, shuka mpaka kidevuni. Festo aliingia na bakuli la uji wa ulezi, amechuja, ametia maziwa na ndimu kidogo, akakaa ukingoni. Goodness akaonja. Akaonja tena. Kisha uso ukamkunjamana na akalia, kilio cha mtu aliyekuwa na njaa tangu mwezi wa nne. Festo akaishika ile mikono iliyoshika bakuli, naye machozi yakamtoka.

"Nilikuwa naona aibu," akasema. "Nilikuona unateseka nikaona aibu yangu ni kubwa kuliko ugonjwa wako. Nilikosa sana, mke wangu."

Goodness akajipangusa kwa shuka, akanywa uji mpaka mwisho, akafuta bakuli kwa kidole. Akamrudishia, akajilaza, akageukia ukuta.

"Bado siku tatu," akasema.